Choo cha Mama Mkwe

Kama kuna mwanamume aliyeumbwa bila haya ya choo, ni Dokta. Jina lenyewe hakulipata chuoni. Alijipa, akaliandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa kigari chake: DAKTARI WA MABOMBA YA MAJITAKA, na chini yake, TUNAONA MSICHOKIONA. Mkewe alipolisoma mara ya kwanza alisema, "Na msichotaka kukiona." Dokta alicheka, ila moyoni alikiri kwamba maneno ya mkewe yalikuwa matamu kuliko yake, na lau rangi isingekuwa imeshakauka angeyaongeza.

Kazi yake ilikuwa kutafuta mabomba ya majitaka yanayovuja majumbani na kuyatengeneza. Mji ulikuwa mkongwe, mabomba yake ya udongo yamelazwa kabla Dokta hajazaliwa, na kila mtaa ulikuwa na nyumba moja au mbili zenye ukuta unaotoka jasho na ua unaonuka. Dokta aliingia humo na kamera yake ndogo iliyofungwa kwenye waya mrefu, akaisukuma bombani, akakaa juu ya ndoo kutazama kiskrini kana kwamba anatazama mpira. Lakini kamera ilikuja baadaye. Kwanza ulimi. "Kuuliza si ujinga," alipenda kusema. "Bomba halisemi, mwenye nyumba anasema." Basi aliuliza kila kitu. Ukivuta maji, yanashuka au yanazunguka? Yanatoa sauti gani? Yanarudi? Yanarudi na nini? Aliwahi kumhoji hivyo mwalimu mkuu mstaafu mbele ya wageni wake, na mwalimu mkuu, mtu aliyetisha watoto mpaka wajukuu, akajibu kwa kisauti kidogo kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni.

Na mwisho wa kazi ulikuwa kelele. Dokta alisimama uani juu ya chemba, lile shimo lenye mfuniko ambamo mabomba ya nyumba hukutana, mwenye nyumba akaingia chooni, na Dokta akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Vutaaa!" Maji yakifika kwenye chemba, kazi imekwisha. Yasipofika, kazi haijaanza. Hakuwahi kuondoka kwa mtu bila hiyo "vuta" yake.

Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye mbele yake huyu simba wa majitaka aligeuka paka aliyelowa. Mtu huyo alikuwa mama wa mkewe.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, nadhifu, wa sauti ya chini, mwenye macho yanayoona vumbi kabla halijatua. Alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba aliyolelea watoto wake wote, si mbali na kwa Dokta. Hakuwahi kumkosea Dokta hata neno moja, na labda ndiyo maana Dokta alimwogopa. Tangu aoe, Dokta hakuwa ameingia chooni kwa mkwewe hata siku moja. Akitembelea hapo, alikunywa maji nusu glasi, tena kwa kudonoa, huku akipima moyoni mwendo wa kurudi nyumbani. Siku moja mazungumzo yalirefuka, mambo yakawa mabaya, akainuka ghafla akasema ameacha pasi inawaka. Mkewe alimkuta njiani anakimbia kwa hatua fupi fupi. "Pasi?" akamwuliza. "Umeme si umekatika tangu asubuhi?"

Mwaka ule nyumba ya mama ikaanza kunuka. Ukuta wa chumba cha nyuma ulivimba, rangi ikamenyeka, na ua haukukauka hata jua lipige vipi. Mama mwenyewe naye akaanza kudhoofika. Midomo ilimkauka, kichwa kikawa kinamzunguka, mara mbili akapelekwa hospitali, na mara zote daktari, yule wa watu, alisema jambo lile lile: bibi hanywi maji. Mama aliitikia, "Nitakunywa," akarudi nyumbani asinywe.

Hapo ndipo Shemeji Mkubwa, kaka wa kwanza wa mkewe Dokta, aliyekuwa akiishi mji wa mbali, akapiga simu. "Nyumba imeoza na mama anaoza nayo," alisema. "Jumamosi nakuja kumchukua. Nyumba tutaiuza."

Mama alisema, "Sawa, mwanangu." Halafu akashusha mapazia yote akayafua, kama mtu anayetaka nyumba yake iende kwa wageni ikiwa safi.

Mkewe Dokta alilia usiku, akalia asubuhi. "Mama akitolewa nyumba ile hamalizi mwaka," alimwambia mumewe. "Nakwambia hamalizi mwaka. Kule atakaa juu ghorofani na mlango umefungwa, atazame ukuta. Harufu ikiisha, kaka hana sababu ya kumchukua. Wewe si dokta? Tibu basi!"

"Niachie mimi," akasema Dokta, na kichwa kikamvimba kidogo, maana ulikuwa umepita muda mrefu mkewe hajamwita dokta bila kucheka.

Akaenda na Sululu, mchimbaji wake, mtu mzima aliyemzidi umri na kumzidi uchache wa maneno. Mama aliwapokea mlangoni na khanga safi mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Dokta alikohoa. Sasa ulikuwa wakati wa yale maswali yake mashuhuri. Alitazama dari, akatazama viatu vyake. "Mama," akasema, "eee... huko nyuma... hali... inaendeleaje?"

"Huko nyuma salama tu," mama akajibu akiangalia sakafu.

"Hakuna... usumbufu?"

"Usumbufu gani, mwanangu? Hakuna."

"Basi vizuri, mama."

"Ahsante, mwanangu."

Walipofika uani Sululu akamwuliza, "Umemaliza kuuliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi na muuza magazeti huwa tunaulizana mengi kuliko hayo."

Dokta akajitia hamnazo. Alifunua chemba, akachungulia. Midomo miwili ya mabomba iliingia humo kutoka upande wa nyumba, mmoja kulia, mmoja kushoto, yote miwili imefanya weusi wa unyevu. Fundi mwenye akili zake hapo humimina rangi ya kijani chooni, akakaa kungoja itokee mdomo upi. Chupa ya rangi ilikuwamo garini, imejaa. Lakini rangi humiminwa chooni, na choo kilikuwa cha nani? Dokta akajiambia kwamba macho ya uzoefu yanatosha. Bomba la kushoto lilielekea kwenye ukuta uliovimba. Basi ndilo.

Akasukuma kamera. Haikwenda mbali ikakuta ufa mpana, mizizi imeingia ndani na kuning'inia kama ndevu, na matope yanametameta. "Huyu hapa mwizi!" Dokta akapiga paja lake. "Ona alivyo! Anatuangalia!"

Wakachimba. Ilibidi wavunje sakafu ya ua na kung'oa waridi la mama, alilolimwagilia tangu mumewe akiwa hai. Dokta aliomba radhi mara nyingi, na mama kila mara akajibu, "Fanyeni kazi yenu, wanangu." Aliwaletea maji kwenye sinia, glasi mbili. Sululu aliimaliza yake akaomba nyingine. Dokta alidonoa yake akairudisha. Yeye mama alisimama kivulini, midomo mikavu, hana glasi.

Kazi ilikuwa nzuri, jamani, tusimnyime mtu haki yake. Dokta alikata kipande kibovu, akalaza bomba jipya juu ya mchanga uliochekechwa, akapima mteremko kwa pimamaji mara tatu tatu, akafunga viungio kwa mipira mipya, akafukia, akasakafia saruji akailainisha mpaka ikang'aa. Ijumaa alasiri alisimama kuitazama, akaona kwamba kama kaburi lake litapata fundi wa namna hii, atakufa na roho nyeupe.

"Nani anavuta?" Sululu akauliza.

Dokta akaanza kukusanya vifaa.

"Mwambie mama avute," Sululu akasema.

"Nimwambie nini?"

"Avute choo. Tuone maji."

"Wewe unaweza kumwambia mkweo avute choo?"

"Mkwe wangu mimi ni marehemu."

"Basi nyamaza."

"Niingie nivute mimi?"

"Na mabuti hayo? Choo cha mkwe wangu? Hebu tuheshimiane, Sululu." Dokta akaurudisha mfuniko wa chemba kwa guu lake. "Mimi kazi yangu naijua."

Loo! Mtu akisema anaijua kazi yake, mkae mbali naye.

Jumamosi Shemeji Mkubwa akafika na masanduku mawili matupu. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, aliyezoea kuamua mambo ya wengine kwa simu. Alimkumbatia mama, akamsalimu dada yake, akapita moja kwa moja mpaka uani, akasimama juu ya saruji mpya ya Dokta. Akavuta pumzi. Akatoa kitambaa akaziba pua.

"Shemeji," akasema, "mgonjwa wako ananuka."

"Ni harufu ya zamani hiyo, shemeji," Dokta akajibu. "Ipe siku mbili."

"Na haya maji?"

Kwenye ukingo wa saruji, pale inapokutana na ukuta, maji machafu yalikuwa yanachuruzika taratibu, bila aibu yoyote. Dokta akajikaza kisabuni. Alifunua chemba, akamulika tochi kwenye mdomo wa bomba lake jipya. Ndani kulikuwa kukavu. Hakuna hata tone lililowahi kupita. Mtu angeweza kuhifadhi unga humo.

Shemeji akainama naye kuchungulia. "Hilo ndilo ulilotengeneza? Hilo si la choo cha nje? Kile tulichokuwa tunakitumia utotoni. Baba alikibomoa mimi niko shule ya msingi."

"Kile kilichokuwa na mlango wa bati," mkewe Dokta akasema polepole.

Kumbe wote walijua! Nyumba nzima ilijua, isipokuwa yule aliyekuja kutibu. Lile bomba lilikuwa limekufa miaka na miaka, na unyevu alioukuta humo Dokta ulikuwa umepenya tu ardhini kutoka kwenye bomba lililo hai. Dokta alikuwa amempasua maiti, akamtoa uvimbe, akamshona vizuri, akamfunika shuka jipya. Swali moja tu lingemwokoa: mama, palikuwa na choo kingine hapa? Alijiambia kwamba kama upumbavu ungekuwa bomba, wake usingevuja hata tone.

"Marehemu lakini anaendelea vizuri," Sululu akasema kwa sauti ya msibani.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Mkewe Dokta hakucheka. "Ulijaribu?" akamwuliza mumewe.

"Kujaribu nini?"

"Ulisimama hapo ukamwita mama avute?"

Dokta akazima tochi.

"Mji mzima unawapigia watu kelele, vuta, vuta! Mpaka watoto wa jirani wanakuigiza. Kwa mama yangu ndipo umepata haya? Basi haya hiyo ndiyo inayomhamisha! Siyo bomba. Ni wewe!" Sauti ikamkatikia, akaingia ndani.

Maneno hayo yalimchoma. Dokta alibaki amekaa juu ya ndoo yake, hana kiskrini cha kutazama. Akamsikia mkewe na mama wakifunga nguo chumbani. Baada ya muda mama akatoka akiburuta sanduku la kwanza mwenyewe, akaliweka uani, akanyoosha khanga. Hakulia. Alitazama shimo lililokuwa la waridi lake, akatazama kwingine.

Hapo akaingia jirani, Mama Cherehani, fundi nguo, na futi yake ya kupimia bado imening'inia shingoni. Yeye machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi. "Basi kweli unaniacha, shoga yangu," akalia. "Asubuhi nitamfungulia nani mlango? Nimeshazoea. Najiamkia mapema, nakuwekea na ndoo ya maji chooni, nasema mwenzangu asije akakuta—"

"Wee!" mama akamkatiza.

Mama Cherehani akaziba mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kila mtu uani alikuwa anamtazama mama.

"Mama," Shemeji akasema, "unakwenda chooni kwa jirani?"

Mama alikaa juu ya sanduku. Alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akasema kwa sauti ile ile ya chini, bila kumtazama mtu, "Cha kwangu nikivuta kinarudi. Tangu mvua zilizopita. Kinapanda kwenye bafu. Nikawa naenda kwa mwenzangu asubuhi na jioni. Katikati najizuia. Na ili nisiende, nikaacha kunywa maji."

"Mama! Na hospitali yote ile!"

"Ningesema nini? Fundi wa choo mji mzima ni nani? Si mkwe wangu? Nimwite mkwe wangu nimwambie mavi yangu yanarudi?"

Neno lile likatua katikati ya ua. Hakuna aliyekufa. Hata mama mwenyewe alionekana kushangaa kwamba ukuta haukuanguka.

Dokta aliziona tena zile glasi mbili kwenye sinia, na mama amesimama kivulini hana yake. Kiu ile aliijua. Si ndiyo aliyokuwa akikaa nayo yeye katika nyumba hii tangu aoe? Tofauti ni kwamba yeye alitoroka na pasi yake ya uongo akaenda kujisaidia kwake. Mama hakuwa na pa kutorokea, maana hapa ndipo kwake. Yeye na heshima yake, mama na heshima yake, walikuwa wameheshimiana mpaka mama analazwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na yeye daktari ndiye alikuwa akisaidia kuyaficha. Aliinuka kwenye ndoo, akaja kuchuchumaa mbele ya mama.

"Mama, nisamehe. Nilikuja kwako sikukuuliza kitu. Sasa nauliza, na ukinikasirikia nikasirikie." Akameza mate. "Choo kikivutwa, kinashuka au kinazunguka?"

Mama akamtazama binti yake, akamtazama mwanawe, akalitazama sanduku alilolikalia.

"Kinazunguka," akasema.

"Kinatoa sauti?"

"Kinakoroma kama marehemu baba yao."

Mkewe Dokta akapasuka kicheko huku analia. Hata Shemeji alikigeuza chake kikawa kikohozi.

"Maji yanarudia wapi kwanza?"

"Kwenye tundu la bafu. Na pale kizingitini, mlango wa bafu, nikikanyaga peku nasikia baridi. Zamani hapakuwa na baridi."

Maneno hayo yalimwamsha fundi ndani ya Dokta, yule ambaye siku zote hizo alikuwa amejificha nyuma ya mkwe. Akasimama. "Shemeji, nipe siku ya leo tu."

Shemeji alitazama saa, akatazama mama. "Kesho asubuhi naondoka. Kikirudi, mama yumo garini. Kisiporudi, tutazungumza. Lakini usinipeleke tena kwa marehemu."

Dokta akaichukua chupa ya rangi garini, akasimama mlangoni mwa choo ambacho hakuwahi kukanyaga. Akavua mabuti. "Mama, naingia."

"Ingia, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Alimimina rangi, akamwaga ndoo ya maji polepole. Wote wakatoka kwenda kuchungulia nje ya ukuta wa bafu, Mama Cherehani mbele kabisa. Haukupita muda, chini ya usawa wa kizingiti, udongo ukaanza kutoa jasho la kijani.

"Jamani, kijani!" Mama Cherehani akapiga makofi kama mtu aliyeona mwezi.

Wakachimba. Safari hii Shemeji alivua shati, akashika sepetu, na ingawa kila alichokitoa nusu kilimrudia miguuni, alichimba kweli kweli. Walipolifikia bomba, ugonjwa ulikuwa wazi hata kwa mtoto. Pembe ile ya nyumba ilikuwa imedidimia kidogo na miaka, na bomba la udongo lilivutwa nayo, shingo ikachomoka kwenye kiungio chake. Uchafu ulinasa pale pale. Maji nusu yalikwenda ardhini na nusu yalirudi kwa mwenyewe.

Dokta akakata sehemu yote iliyochoka, akaweka bomba jipya, na pale lilipochomoka akalifunga kwa mpira mpana unaonyumbulika, ili nyumba ikitaka kuketi vizuri zaidi uzeeni mwake, iketi bila kumsumbua mama. Akapima mteremko. Akapima tena. Sululu akamwambia, "Sasa hili liko hai, nimelishika mapigo." Jua lilikuwa linaanza kuinama.

Shimo wakaliacha wazi, maana hakuna anayefukia kabla ya kujaribu. Mama aliingia chooni, akafunga mlango. Dokta akaenda kusimama juu ya chemba. Wote wakamtazama yeye.

"Mama," akaita kwa sauti ya kubisha hodi, "kama hutajali... tafadhali..."

"Hasikii," Sululu akasema.

Dokta alimwangalia mkewe. Mkewe amekumbatia mikono yake mwenyewe, midomo imebana. Dokta akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"MAMAAA! VUTAAA!"

Dirisha la ng'ambo likafunguka. Mtu njiani akasimama. Ndani ya nyumba maji yakanguruma, yakashuka, yakapita ndani ya bomba mbele ya macho yao bila kuacha hata unyevu kwenye kiungio, na kwenye chemba, mdomo wa kulia, yakafoka maji ya kijani, mengi, ya haraka, yakaenda zake kwenye bomba la mtaa.

"Yamefika?" sauti ikauliza kutoka chooni. Ilikuwa sauti ya mama, lakini hapana aliyejua kwamba mama ana sauti kubwa hivyo.

"Yamefika, mama!"

"Hayarudi?"

"Wewe ndiye uniambie, mama! Yanarudi?"

Mlango wa bafu ukasikika ukifunguliwa. "Hayarudi!"

"Vuta tena!"

"Navuta!"

Alivuta mpaka tangi la choo likaomba poo. Alipotoka alikuwa anafuta mikono huku anatabasamu, akaja kukaa tena juu ya sanduku lake. "Nipeni maji," akasema.

Mkewe Dokta alileta glasi imejaa. Mama akafumba macho, akanywa yote bila kupumzika, koo likipanda na kushuka. Akarudisha glasi. "Nyingine." Mkewe Dokta akageukia ukuta kwanza, mabega yakimtikisika, ndipo akaenda kuijaza. Shemeji Mkubwa alisimama na matope mpaka magotini. Hakutoa hotuba. Aliingia chumbani, akasikika akizirudisha nguo kabatini kutoka kwenye sanduku la pili. La kwanza aliliacha kwa sababu mama alikuwa amelikalia.

"Mpeni na mkwe wangu," mama akasema. "Glasi nzima. Miaka yote ananidonolea maji kama kuku, mnadhani sioni?"

Dokta aliona uso unamuwaka moto, lakini alikunywa. Alikuwa amechimba kutwa, na maji yale yalikuwa matamu kuliko yote aliyowahi kunywa, akanywa ya pili, akanywa na ya tatu. Shemeji akatoka, wakakaa uani, wakamcheka marehemu wa kushoto, wakapanga waridi litapandwa wapi. Mama Cherehani akaahidi kuja asubuhi yeye, na ndoo yake. Jua likaenda zake. Dokta akaanza kukunja mguu mmoja juu ya mwingine. Akabadilisha. Akanyamaza katikati ya sentensi.

"Umeacha pasi?" mkewe akamnong'oneza.

Dokta alimtazama, akautazama mlango wa uani, akapima mwendo. Kisha akainuka, akavua mabuti.

"Mama," akasema, "naomba choo."

"Unakijua kilipo," mama akamjibu.

Aliingia, akafunga, akajisaidia kwa amani ambayo nyumba hiyo haikuwahi kumpa. Halafu mkono ukafika kwenye kishikio cha kuvutia maji, ukagoma. Nje wote walikuwa wamekaa kimya. Wangesikia. Mama mkwe angesikia. Dokta, aliyewapigia kelele majaji na walimu wakuu, alisimama mbele ya choo cha mkwewe, jasho linamtoka, kama bwana harusi aliyesahau maneno.

Akasikia mfuniko wa chemba ukiburutwa uani. Akasikia nyayo nyepesi zikisogea, zikasimama. Kisha ile sauti kubwa mpya ikapasua hewa, na mtaa mzima, bila shaka, ukasikia.

"Mwanangu! Vutaaa! Tunangoja!"

Dokta akacheka mpaka akashika ukuta, na akavuta.